Mistari ya Mwanga Katika Picha ya Kilimia

Aliyekulia kijijini anajua Kilimia. Ni lile kundi dogo la nyota zilizokaa karibu karibu kama vifaranga mbele ya mama yao. Mwezi wa Desemba, giza likiisha kuingia, hupanda juu sana. Jina lake latoka katika neno kulima, kwa kuwa wazee walizitazama nyota hizo ili wajue majira ya jembe. Mwenye macho mazuri huhesabu nyota 6 au 7. Wenye darubini wamehesabu zaidi ya 1,000, nao hutuambia kwamba mwanga wa nyota hizo husafiri miaka 440 hivi mpaka kutufikia.

Leo nataka kusema habari ya picha za Kilimia, na habari ya mistari ambayo kompyuta huichora juu ya picha hizo. Mtu atauliza: Katekista ana shauri gani na mistari ya kompyuta? Ndugu, uniwie radhi kidogo. Kwanza nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, halafu nitaeleza jinsi ilivyoingia katika jumuiya yetu na kugusa mifuko ya watu maskini.

Picha ni hesabu

Picha ya nyota inayopigwa siku hizi ni hesabu kabla ya kuwa picha. Ndani ya kamera mna vyumba vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, viitwavyo pikseli. Kila chumba hupokea mwanga kama debe linavyopokea mvua. Mwishowe kompyuta huandika kila debe limepata kiasi gani. Katika kamera nyingi za kazi hii kiasi hicho huandikwa kwa namba kuanzia 0 mpaka 65,535.

Lakini kioo cha kompyuta ya kawaida hakiwezi kuonyesha tofauti zote hizo. Kutoka weusi kabisa mpaka weupe kabisa kina ngazi 256 tu. Basi, ikiwa picha yote imepangwa sawasawa juu ya ngazi hizo, namba 256 zabanwa katika ngazi moja. Chumba chenye 1,000 na jirani yake chenye 1,010 vitapata rangi ile ile. Jicho litasema: Hapa hakuna kitu. Lakini daftari la kompyuta limeandika tofauti, nayo yakaa pale ikingoja mtu wa kuiuliza.

Mistari ya kontua ndiyo njia moja ya kuiuliza. Tuliosoma jografia shuleni tunaikumbuka kwenye ramani za milima. Mstari mmoja hupita mahali pote penye urefu sawa juu ya bahari. Mistari ikisongamana, mlima ni mkali. Ikiachana, ni mteremko wa polepole ambao hata mama mwenye mzigo wa kuni huupanda bila kupumzika. Fikira ya kuunganisha mahali penye kipimo sawa ni ya zamani. Mwaka 1701 Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichapa ramani ya bahari ya Atlantiki yenye mistari ya namna hiyo. Yeye aliunganisha mahali ambapo dira inapotoka kaskazini kwa kiasi sawa.

Katika picha ya nyota, badala ya urefu wa mlima twaweka wingi wa mwanga. Mstari mmoja hupita katika vyumba vyenye 1,005, wa pili katika 1,020, wa tatu katika 1,100, na kuendelea mpaka kileleni. Hapo nyota huonekana kama mlima mkali mwembamba, na wingu la mbinguni huonekana kama kilima kipana cha mteremko mdogo. Mistari haiongezi mwanga hata kidogo. Yaonyesha tu mwanga ambao kamera ilikwisha kuupokea.

Lakini yafaa kuwa na akili. Mwanga hauji mfululizo kama maji ya bomba. Huja kwa vipande, kama matone. Ukitega madebe mawili uani wakati wa mvua, hayatapata matone sawasawa kabisa, ingawa mvua ni moja. Hesabu yatufundisha kwamba panapotazamiwa matone 1,000, tofauti ya 30 hivi juu au chini ni ya bahati tu. Kwa hiyo tofauti ya 10 katika chumba kimoja haina maana, na mtu akichora mstari hapo atachora vumbi tupu, vijiduara elfu visivyo na habari. Basi kompyuta hukusanya vyumba jirani, tuseme 100, na kutafuta wastani wake. Ile tofauti ya bahati hushuka ikawa 3 hivi, na tofauti ya 10 yaanza kuaminika. Kazi hiyo huitwa kulainisha picha. Nayo ina bei yake: vitu vyembamba hufifia. Kwa sababu hiyo mchoraji mwema husema waziwazi amelainisha kiasi gani, na mistari yake ameiweka kwenye namba zipi.

Programu za kazi hii hutolewa bure. Moja yaitwa Aladin, iliyotengenezwa Strasbourg, Ufaransa. Nyingine yaitwa DS9, nayo ilitoka Cambridge, Marekani. Zote mbili husoma picha zilizohifadhiwa kwa muundo uitwao FITS, uliotangazwa mwaka 1981 ili wataalamu wa nyota wa nchi mbalimbali waweze kupeana picha bila kupoteza namba zake. Muundo huo ni imara hata Maktaba ya Vatikano iliuchagua kwa kuhifadhi nakala za vitabu vyake vya kale vilivyoandikwa kwa mkono.

Mimi nina kompyuta ya kubeba, nzee kidogo, niliyopewa na rafiki aliyemaliza masomo. Naipeleka kwenye nyumba ya kuchaji yenye sahani za jua, nanunua mega za intaneti kadiri ya mfuko wangu, na picha za Kilimia nimezichukua moja moja kwa majuma kadhaa.

Mtu mwenye picha kubwa

Sasa nasimulia jambo lililotokea mtaani kwetu. Alifika mtu mmoja mpitaji, si wa parokia yetu, mwenye maneno matamu. Alikuwa na picha kubwa ya rangi, iliyochapwa kwenye karatasi nzuri. Ndani yake zilionekana nyota za buluu, na kila nyota kubwa ilikuwa na msalaba wa mwanga, mikono minne iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Alisema kwamba misalaba hiyo imetokea mbinguni karibuni, kwamba ni ishara ya kuwatenga watakaopona, na kwamba kila nyumba yapasa kuwa na nakala yake ukutani. Nakala moja ilikuwa franka 10,000.

Watu wakaanza kutoa. Mimi niliijua ile picha, maana ni Kilimia, nayo yapatikana katika intaneti kwa kila mtu. Lakini kuijua picha ni kitu kimoja, na kumwonyesha jirani ukweli wake ni kitu kingine. Jioni moja alinijia mama mjane wa jumuiya yetu, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Akaniambia:

“Mwalimu, humu mna feza za minervali ya mjukuu wangu. Nikizitoa, mtoto atafukuzwa shuleni. Nisipozitoa, nimeukataa msalaba wa Bwana. Nifanye nini?”

Wasomaji, hapo ndipo nilipoona kwamba neno la kitabuni halitoshi. Kama ningemjibu, “Huyo mtu ni mwongo,” angekuwa na maneno ya watu wawili, langu na la yule mwingine, naye angebaki na hofu yake. Nikamwambia: “Mama, usitoe wala usikatae kwanza. Njoo kesho pamoja na wazee wa jumuiya. Tutaitazama picha hiyo kwa hesabu.”

Mistari ilisema nini

Picha ile ilitokana na mabamba ya kioo yaliyopigwa kati ya mwaka 1986 na 1996 kwa darubini ya Palomar, huko California, yenye upana wa inchi 48. Baadaye mashine iliyapima mabamba hayo ikayageuza kuwa namba. Bamba la kioo halihesabu mwanga sawasawa kama kamera za siku hizi, lakini kwa kulinganisha penye mwanga zaidi na penye mwanga kidogo linatosha.

Siku ya pili wazee walikaa mbele ya kompyuta, na mama yule kati yao. Nilichora kwanza mistari ya juu, yaani ile ya mwanga mwingi. Kila nyota kubwa ikazungukwa na duara lenye mikono minne. Nikamwomba mzee mmoja, fundi seremala, aweke rula yake kwenye kioo juu ya mkono wa nyota moja, kisha aisogeze bila kuipindua mpaka nyota ya pili, na ya tatu. Alifanya hivyo kwa nyota 6. Rula ililala juu ya mikono ya zote, bila kwenda upande. Tena tuliona kwamba nyota yenye mwanga mwingi ina mikono mirefu, ya katikati ina mifupi, na ndogo hazina mikono inayoonekana.

Seremala akasema: “Vitu vilivyokatwa na msumeno mmoja huwa na alama moja.” Neno lake lilikuwa sawa kabisa. Mikono hiyo hutoka katika darubini. Ndani ya darubini ya namna ile kishikio cha bamba chakaa katikati ya njia ya mwanga, nacho kimeshikwa na mabati membamba manne yaliyopangwa kama msalaba. Mwanga ukipita kando ya bati lililonyooka, kidogo chake hupinda na kutawanyika kuume na kushoto kwa bati hilo. Mabati manne hutoa mikono minne. Katika darubini ya anga ya Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, kioo ni cha vipande vyenye pembe sita na miguu ya kushikilia ni mitatu. Basi katika picha zake nyota kubwa zina mikono 6 mikubwa na 2 midogo. Kama msalaba ungekuwa katika nyota yenyewe, Webb pia ingeuona msalaba.

Kisha nikashusha mistari mpaka kwenye mwanga hafifu, nikalainisha picha kidogo. Hapo likatokea jambo jingine kabisa. Mistari iliacha umbo la mikono ikaanza kutangatanga. Kando ya nyota iitwayo Merope ilivutika upande mmoja, ikawa pana kama moshi wa jikoni unaosukumwa na upepo. Kando ya Maia ilikuwa na umbo lingine, na kando ya Electra lingine tena. Seremala akajaribu rula yake, akaiweka chini. Hapa hapakuwa na alama ya msumeno mmoja.

Moshi huo una historia yake. Mwaka 1859 Mjerumani Wilhelm Tempel, akiwa Venezia na darubini ndogo, aliona ukungu karibu na Merope akautangaza. Wengine wenye darubini kubwa walitazama wasiuone, na kwa miaka mingi watu walibishana kama upo au haupo. Mwaka 1885 ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walipiga picha ya Kilimia huko Paris, na bamba lao likaonyesha ukungu mwingine kando ya Maia ambao jicho lilikuwa halijauona. Mwaka 1912 Vesto Slipher, huko Arizona, aliuchunguza mwanga wa ukungu wa Merope akakuta unafanana na mwanga wa nyota zenyewe. Basi ikajulikana kwamba ni vumbi linalorudisha mwanga wa nyota, kama vumbi la barabarani linavyong'aa mbele ya taa za lori usiku. Siku hizi wataalamu husema kwamba nyota za Kilimia zinapita tu katika wingu hilo. Hazikuzaliwa ndani yake.

Kwa hiyo katika picha moja tulipata namna mbili za mwanga. Mikono iliyonyooka, inayong'aa, inayovuta macho, ni ya chombo. Ukungu dhaifu, ambao hakuna aliyeuangalia katika ile picha ya mtaani, ni wa mbinguni kweli.

Kitambaa cha mwavuli

Hata hivyo mama yule hakuridhika, na mimi namsifu kwa hilo. Alisema: “Mwalimu, kompyuta ni yako. Nitajuaje kwamba nayo haisemi uwongo?”

Tukatoka nje. Ng'ambo ya bonde palikuwa na taa moja ndogo inayowaka. Nikampa kipande cha kitambaa cha mwavuli uliochakaa, kile chembamba chenye nyuzi zilizosukwa sana, nikamwambia akikaze mbele ya jicho na kuitazama taa. Alitazama, akanyamaza. Kisha akasema polepole: “Taa ina msalaba.” Nikamwambia: “Kizungushe kitambaa.” Akakizungusha, na msalaba ukazunguka pamoja nacho. Akakiondoa, na taa ikawa taa tu. Wazee wote wakapokezana kitambaa kile, na mwisho vijana wakakinyang'anyana.

Nyuzi za kitambaa zinafanya kazi ile ile ya mabati ya darubini. Taa iwe mbali na iwe ndogo, basi kila msomaji aweza kujaribu nyumbani kwake bila kompyuta na bila feza.

Mama akafunga tena fundo lake. Mjukuu wake alilipiwa shule.

Nisiseme kwamba wote walifurahi. Wako waliokuwa wamekwisha kutoa franka zao, na feza hizo hazikurudi, maana mtu yule aliondoka kabla ya Jumapili. Mmoja wao, mwanamume ninayemheshimu, aliniambia kwa uchungu: “Mwalimu, sisi tulikuwa na ishara nyumbani. Wewe umetuachia bati la darubini.” Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi. Nilimjibu kwamba msalaba wa Bwana ulisimama Golgota, na hauhitaji kusaidiwa na bati wala kuuzwa franka 10,000. Alinisikiliza, lakini picha bado iko ukutani kwake. Sikumwomba aitoe. Ni picha nzuri ya Kilimia.

Kwa wenye simu mkononi

Nimeandika haya kwa sababu siku hizi picha zinatufikia kila saa katika simu, na nyingi zaja na maneno ya kutisha au ya kuomba feza. Si kila mtu atakuwa na Aladin au DS9. Lakini maswali ambayo mistari ya kontua hutuuliza, kila mtu aweza kujiuliza mwenyewe.

Kwanza, kinachong'aa katika picha ni cha kitu chenyewe, au ni cha chombo kilichopiga picha? Alama ikirudi kwa namna ile ile juu ya vitu vyote, angalia chombo. Pili, je, ipo picha nyingine ya kitu hicho iliyopigwa na mwingine kwa chombo kingine? Kilicho kweli huonekana katika zote mbili. Tatu, aliyeitengeneza picha amesema alifanya nini? Anayelainisha na kupaka rangi bila kusema yatupasa kumwuliza. Nne, mahali ambapo jicho linasema hapana kitu, je, kuna mtu amehesabu?

Swali hili la nne ndilo nilipendalo zaidi. Katika picha ile watu walitazama misalaba, wakaupita ukungu wa Merope uliokuwa pale pale, mkubwa kuliko misalaba yote. Tempel aliuona kwa uvumilivu na kwa darubini ndogo, wakati wenye vyombo vikubwa walimkana. Vivyo hivyo nasi twaweza kupitwa na mengi yaliyo dhaifu tukikimbilia yanayometameta.

Vijana wa jumuiya yetu sasa wanakuja Jumamosi baada ya kazi, na picha zao katika simu. Tunazo picha za Kilimia, na picha za galaksi ya Andromeda, ambayo jicho huona kitovu chake tu, lakini ambayo mistari ya mwanga yaonyesha upana wake kupita mara 6 ya upana wa mwezi mzima. Wengine wamejifunza kuchagua namba za mistari wao wenyewe, na hubishana sana juu ya kiasi cha kulainisha. Mama yule naye amekuja mara mbili. Hakai mbele ya kompyuta. Hukaa mlangoni na kitambaa cha mwavuli, akiwaonyesha watoto wadogo jinsi ya kukikaza.